Joto Tunalolikataa Huenda kwa Nani?

Mtu aliyerithi nyumba kongwe katika mji wa Elwak, ulio mpakani mwa Kenya na Somalia, akaona ya kwamba madirisha yake yamechoka na ya kwamba vyumba vyake tangu adhuhuri mpaka baada ya isha havikaliki kwa joto, aghalabu huliendea jambo hilo kama shughuli ya fundi na mfuko: hupima upana na urefu, huuliza bei ya alumini na bei ya chuma, husikiliza habari za vioo viwili vilivyofungiwa hewa katikati, kisha huchagua kwa kadiri ya uwezo wake. Mimi nasema ya kwamba kabla ya kipimo na bei liko suali jingine lililo kubwa zaidi, nalo ni suali la dini na la akili kwa pamoja, ambalo mafundi hawaliulizi kwa kuwa si kazi yao, na wenye nyumba hawaliulizi kwa kuwa hawakuzoezwa kulifikiri: joto hili tunalolikataa lisiingie kwetu, au tunalolitoa baada ya kuingia, huenda wapi, na humfikia nani? Jawabu la suali hilo ndilo lipasalo kutangulia, na mwenye kulijibu kwa insafu atajikuta amekwisha kuyachagua madirisha yake kabla hajaitazama orodha ya bei.

Nyumba iliyo kongwe kuliko zote katika nchi ile ni ile isiyokaa mahali pamoja. Wanawake wa wafugaji huijenga kwa fito zilizopindwa, wakaifunika mikeka na ngozi, na siku ya kuhama huivunja na kuipakia juu ya ngamia. Na madhali kuta zake ni mikeka, haina haja ya dirisha, kwa kuwa mwenye nyumba huukunja mkeka upande uvumao upepo na huuteremsha upande lipigapo jua. Katika Sura ya An-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu amezitaja nyumba kuwa ni mahali pa utulivu, kisha akazitaja papo hapo nyumba za ngozi zilizo nyepesi siku ya safari na siku ya kutua, na katika aya inayofuatia akakihesabu kivuli miongoni mwa neema zake. Na mtu wa Elwak aisomapo aya hiyo hana haja ya kuelezwa na mfasiri, kwa maana bibi yake alilala ndani ya neema hiyo na pengine yeye mwenyewe alizaliwa humo.

Walipoazimia watu kukaa mjini, baadhi yao kwa ajili ya shule na dawa na biashara, na wengine kwa kuwa ukame uliwamalizia mifugo, walijenga kuta zisizokunjika: tofali za saruji, paa la mabati, na madirisha madogo ya chuma yenye nondo, madogo kwa sababu kioo ni ghali na kwa sababu mji wa mpakani hujifunza kuuogopa uwazi. Ukitaka kuijua dhiki ya nyumba hizo, ingia katika chumba kilichoelekea magharibi saa kumi za alasiri, mwezi wa Februari, katikati ya kiangazi ambacho wenyeji hukiita Jilaal, na joto la nje limepita digrii 35. Fremu ya dirisha imevimba kutu hata bawaba moja haigeuki. Patti iliyoshika vioo imekauka ikapasuka, na kidole kikiigusa huanguka vipande. Kioo kimoja kati ya sita hakipo, na mahali pake pamezibwa kwa kipande cha katoni ambacho kwa kupigwa na jua kila siku kimejikunja pembe; nondo haziguswi kwa kiganja kitupu; na pazia zito la maua lililotungikwa nyuma yake limepauka upande wa nje na kubakiza rangi yake upande wa ndani, likiwa shahidi wa muda mrefu ambao limekuwa likiupokea moto lisijue pa kuupeleka ila chumbani.

Kwa mwenye nyumba wa namna hiyo huja picha kutoka ng'ambo. Jamaa yake aliyehamia Minneapolis, katika nchi ya Marekani ambako Wasomali wengi wamefanya makazi, amebadilisha madirisha ya nyumba yake ya zamani na gharama yake ya kupasha moto imepungua, na kwa mapenzi yasiyo na shaka ataka kumnunulia mama yake aliyeko Elwak madirisha ya aina ile ile. “Nataka Hooyo apumzike,” ndiyo kauli yake, na kauli hiyo ni ya heshima kubwa. Walakini mapenzi hayabadilishi hesabu. Kioo kimoja cha kawaida hupitisha kadiri ya wati 6 za joto kwa kila mita ya mraba, kwa kila digrii moja ya tofauti baina ya ndani na nje. Vioo viwili vyenye nafasi ya hewa katikati hupitisha karibu nusu ya hizo, na nafasi ile ikitiwa gesi ya argoni, na uso mmoja wa kioo ukapakwa tabaka jembamba mno la fedha lisiloonekana kwa jicho, hupitisha pungufu zaidi. Usiku wa Januari katika Minneapolis, nje ikiwa digrii 20 chini ya sifuri na ndani digrii 20 juu yake, tofauti ni digrii 40, na kioo kimoja hupoteza wati 240 kwa kila mita. Mwenye kuongeza kioo cha pili amefanya busara, na kama hakuongeza na ana uwezo, amepoteza mali. Katika Elwak tofauti ya joto baina ya chumba chenye kupitisha hewa na uwanja wa nje ni digrii chache, na zikihesabiwa digrii 5, hazizidi wati 30 kwa mita. Adui wa nyumba ya Elwak hatoki katika hewa, atoka katika jua lenyewe, ambalo alasiri huumiminia ukuta wa magharibi wati 500 na zaidi kwa kila mita ya mraba, na kioo kitupu hupitisha zaidi ya sehemu nane katika kumi za mmiminiko huo. Wala vioo viwili visivyopakwa kitu haviuzuii sana, kwa kuwa navyo hupitisha kama sehemu saba. Dirisha la nchi ya theluji laliona jua kuwa mgeni wa kukaribishwa. Kulileta Elwak bila kubadilisha nia yake ni kumfungulia mlango yule yule tuliyekusudia kumzuia.

Basi jambo la kwanza ni kujua jua hupita wapi, na elimu hiyo haikuanza katika vyuo vya wahandisi. Sura ya Al-Kahf, aya ya 17, yaeleza habari ya vijana waliolala pangoni, ya kwamba jua lilipochomoza lilijitenga na pango lao likapita upande wa kulia, na lilipokuchwa liliwaacha likapita upande wa kushoto, nao wamo ndani katika nafasi iliyo wazi. Kisha yasema ya kwamba hayo ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 774 wa Hijra, alipoifasiri aya hiyo alitoa ndani yake dalili ya kwamba mlango wa pango ulielekea kaskazini. Nimeisoma aya hiyo mara nyingi, na kila mara hushangazwa na jambo moja: hatukuambiwa majina ya vijana wale, wala jina la mji wao, wala idadi yao kwa yakini, lakini tumeambiwa kwa urefu namna mwanga ulivyopita penye uwazi wa makao yao. Mola aliyetaka kuwahifadhi waja wake miaka mingi hakuwaletea baridi ya muujiza. Aliwachagulia mahali ambapo jua halikuwaingilia na hewa haikuwakosa, akataka tulitafakari hilo. Mtu akiniuliza kama kuchagua upande wa dirisha ni jambo la dini, jawabu langu ni aya hiyo.

Na tazama jinsi Elwak ilivyopewa fungu lake. Mji huo uko karibu digrii 3 kaskazini ya ikweta, kwa hiyo jua hupita juu ya utosi wake mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Machi na katikati ya Septemba. Baina ya nyakati hizo huelemea kaskazini, na miezi iliyobaki huelemea kusini, lakini adhuhuri huwa juu daima, hata Juni na Desemba haliteremki chini ya digrii 60 kutoka upeo wa nchi. Maana yake ni kwamba ukuta wa kaskazini na ukuta wa kusini hukingika kwa upenu uliotoka nje kadiri ya mkono, pengine na ubao mwembamba wa kusimama ubavuni kwa ajili ya miale ya asubuhi na jioni katika miezi ya Juni na Desemba. Ilhali ukuta wa mashariki na wa magharibi haukingwi na upenu wowote, kwa maana jua la saa tatu na la saa kumi huja chini chini likauelekea uso kwa uso. Sasa, Makka iko karibu kaskazini halisi ya Elwak, ikipinda magharibi kwa digrii tatu au nne tu. Mwenye kuijenga nyumba yake sambamba na msikiti, ukuta mmoja ukielekea kibla na wa pili ukiwa nyuma yake, akaweka madirisha yake katika kuta hizo mbili, amepata kwa tendo moja kivuli na mkondo wa hewa baina ya upande na upande, hali Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki na Kusi hutoka upande wa kusini. Nyumba za mawe za Lamu, zilizo nyingi, hufungua kiwanda chake, yaani uwanja wake wa ndani, na misana yake, yaani kumbi zake ndefu, upande huo huo wa kibla, na njiani huonyesha ukuta mnene wenye matundu machache. Wazee waliozijenga hawakutuachia risala ya kueleza kama walikusudia ibada au baridi, nami sioni kwa nini tuwalazimishe kuchagua moja.

Katika Sura ya Al-Furqan, aya ya 45, mwanadamu ameulizwa kama hatazami jinsi Mola wake anavyokitandaza kivuli, na ya kwamba angalitaka angalikifanya kitulie mahali pamoja. Kivuli chatembea, na mwenye kujenga hana budi atembee nacho. Hapa pana tofauti ambayo ningependa kila mwenye nyumba aishike kuliko jina la kioo chochote: kivuli kilicho nje ya kioo na kivuli kilicho ndani yake havilingani kabisa. Mwale uliopita kioo umekwisha kuingia nyumbani, na pazia likiupokea hugeuka kuwa joto ambalo halirudi tena nje kwa njia ile liliyoingilia; hapo kulifunga pazia ni kujifungia giza pamoja na moto. Bali ubao wa luva, au mkeka, au bati lililopakwa chokaa na kuachwa wazi kidogo mbele ya dirisha ili hewa ipite nyuma yake, huurudisha mwale kabla haujafika, na sehemu iliyo kubwa ya nguvu yake huondoka kurudi angani ilikotoka. Hakuna aliyedhurika. Jirani hakuongezewa kitu, mwenye nyumba hakulipa kitu kila mwezi, na hewa ya mji imebaki kama ilivyokuwa. Hilo ndilo jawabu la kwanza la suali langu, na ni jawabu safi: joto lililokataliwa kwa kivuli humrudia aliyelituma.

Jawabu la pili ni la mashine ya baridi. Sisemi ya kwamba ni haramu, wala sitamhukumu mtu aliyeiweka kwa ajili ya mgonjwa. Nataka tuitazame inavyofanya kazi. Mashine hiyo haiumbi baridi. Hulichukua joto lililomo chumbani, ikaongeza juu yake joto la kazi yake yenyewe, na vyote viwili ikavitupa nje kupitia kile kisanduku chenye feni kilichotungikwa ukutani, na ukuta huo katika miji yetu iliyobanana mara nyingi huuelekea uwanja wa mtu mwingine, pale anapopikia, pale anapolaza watoto wakati wa mchana, pale mama mzee anapotandika msala wake. Na umeme wake watoka wapi? Elwak haikuunganishwa na gridi ya taifa. Nguvu yake hutoka katika mitambo iliyopo pale pale, ambayo imetegemea sana dizeli na kusaidiwa na paneli za jua, na katika kila lita ya dizeli ichomwayo ni kadiri ya theluthi tu igeukayo kuwa umeme, na iliyobaki ni joto na moshi kwa wakaao karibu na mtambo. Anayeketi katika chumba kilichopoa kwa namna hiyo, na dirisha lake la magharibi likiwa kioo kitupu, afanana na mtu aliyeiacha pasi ya moto ikiwaka chumbani kutwa, kisha akamwajiri mtumishi wa kuubeba moto wake kumpelekea jirani. Dirisha baya likiwa kwake peke yake ni dhiki yake. Likiwa pamoja na mashine, ni dhiki iliyohamishwa.

Sheria yetu haikulala juu ya habari ya madirisha na majirani. Wasimuliaji wa habari za Misri, akiwamo Ibn Abd al-Hakam, wameeleza ya kwamba Kharija bin Hudhafa alipojenga chumba cha juu katika mji wa Fustat, ambacho kilikuwa cha kwanza cha namna yake pale, habari ilimfikia Khalifa Umar bin al-Khattab huko Madina, naye akamwandikia Amr bin al-As, liwali wake wa Misri, ya kwamba aingie chumbani humo, atie kitanda, na juu ya kitanda amsimamishe mtu asiye mrefu wala mfupi. Akiweza kuchungulia nje kwa majirani, basi chumba kibomolewe. Katika kisa hiki sivutiwi sana na ukali wa amri kama ninavyovutiwa na namna ya kupima. Umar hakuuliza kama mwenye chumba ni mtu mwema. Kharija alikuwa sahaba na shujaa mashuhuri. Hakuuliza amekusudia nini. Aliuliza kitanda kikiwekwa, na mtu wa kimo cha kati akisimama, jirani atapatwa na nini. Dhara ikapimwa mahali inapofikia, wala haikupimwa moyoni mwa aitoaye.

Karne nyingi baadaye Dola ya Uthmania ilipoziandika hukumu zake katika Majalla, baina ya mwaka 1869 na 1876, kifungu cha 1202 kiliweka ya kwamba kupaona kutoka dirishani mahali pa wanawake, kama jikoni na kisimani na uwanjani, ni dhara kubwa ya kuondolewa. Lakini sisi wa pwani, na jamaa zetu wa Elwak na Wajir na Garissa, tu wafuasi wa Imamu Shafii, na mwenye kuniambia ya kwamba madhehebu yetu ni mapana zaidi katika jambo hili ana haki ya kusikilizwa. Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho wanazuoni wa pande zote mbili wamekisomesha tangu zamani, amemzuia mshirika wa ukuta kutoboa dirisha ndani yake bila ya idhini ya mwenziwe, lakini amempa mwenye ukuta wake peke yake ruhusa ya kufungua matundu ya mwanga. Naam, ndivyo. Mtu ni mfalme katika ukuta wake. Hata hivyo ruhusa ya kufungua tundu ni ya kupokea mwanga na hewa, vitu ambavyo kuvipokea hakumpunguzii mwingine. Nayo haijawa ruhusa ya kutoa kwa tundu hilo hilo kitu cha kumuudhi mtu aliye upande wa pili. Hadithi isemayo ya kwamba hakuna kudhuru wala kulipizana madhara imekuwa msingi kwa madhehebu yote, na moshi wa jiko na harufu ya ngozi zilizolowekwa zimejadiliwa na mafakihi tangu kale chini ya msingi huo. Sioni kwa nini joto la mashine liwe nje ya mjadala kwa sababu tu halionekani. Na hata pale kadhi asipopata njia ya kumzuia mtu, kazi ya kadhi ina mpaka, na haki ya jirani mbele ya Mungu haina mpaka huo.

Hapa hujitokeza mtu wa zuhudi akasema: joto ni mtihani, wazee wetu walilivumilia, na anayetafuta raha ya mwili wake amekwisha kupotea kabla hajafika kwenye habari ya jirani. Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamrisha ya kwamba joto likizidi sala ya adhuhuri icheleweshwe mpaka wakati upoe. Na ikiwa sala, iliyo nguzo, yasogezwa kwa ajili ya miili ya waja isitaabike, basi mtu anayesogeza dirisha lake ili mama yake mzee apate usingizi hakutenda kosa. Mtoto mchanga na mgonjwa wa moyo hawana zuhudi; wana mwili tu, na mwili huo ni amana mikononi mwa mwenye nyumba. Kikatazwacho ni israfu, na israfu ina sura mbili ambazo ni rahisi kuzisahau kwa kuwa ya kwanza hufanana na ukarimu na ya pili hufanana na ustaarabu: kununua kitu cha thamani kisichofaa mahali pake, na kutupa kitu kinachofaa kwa kuwa kimezeeka.

Kwa hiyo, nikiombwa shauri na mwenye nyumba kongwe ya Elwak, ningeanza na jambo ambalo muuza madirisha hatalipenda: atazame juu. Paa la mabati lililozeeka huweza kupita digrii 60 mchana, na chumba kisicho na dari hupokea moto huo kichwani mwa kila aliyemo. Mwenye fedha ya kazi moja tu aweke dari na tundu za kutolea hewa katika pembetatu za kuta chini ya paa, alipake bati rangi nyeupe, na madirisha yangoje. Akishafanya hivyo, ndipo ayaendee.

Fremu za chuma za zamani asizitupe kwa haraka. Nyingi zinaponywa kwa brashi ya waya, rangi ya kuzuia kutu, bawaba mpya na patti mpya, na fundi wa kuchomelea aliyepo mjini hulifanya hilo kwa gharama ndogo kuliko nauli ya vioo vinavyotoka Nairobi kupitia Isiolo na Wajir, ambavyo vingine hufika vimekwisha kuvunjika. Tena zina fadhila moja ambayo dirisha la alumini la kusukuma halina: hufunguka zote. Dirisha la kusukuma, hata likiwa zuri kiasi gani, huacha wazi nusu ya nafasi yake tu, na mwenye kulinunua kwa ajili ya upepo amelipa bei ya dirisha zima akapata nusu. Nilimsikia fundi mmoja akimwambia mteja, “Abti, kioo kitang'aa, lakini hewa itapita upande mmoja tu,” na katika maneno hayo machache mlikuwa na amana ya kazi zaidi kuliko katika vitabu vingi vya matangazo. Wavu wa mbu ni wa lazima, ijapokuwa hupunguza upepo, kwa sababu hiyo nafasi ya dirisha yenye wavu na iwe kubwa zaidi kidogo kuliko ilivyodhaniwa. Dirisha la magharibi, kama chumba kina jingine, lizibwe au lifanywe la mbao tupu lisilo na kioo, lenye luva zilizoinamishwa chini upande wa nje: hewa hupita, mwale haupiti, na jicho la mpita njia halipandi ndani. Stara na upepo, ambavyo watu hudhani vyagombana, hupatana katika luva; Waarabu wa Misri na Hijazi waliyajua hayo katika mashrabiya zao, yaani viambaza vya mbao vya madirishani, na mjenzi Hassan Fathy wa Misri aliitumia karibu nusu ya karne iliyopita kuwakumbusha watu wake jambo ambalo babu zao hawakuhitaji kukumbushwa.

Nyumba ya kuta nene hufungwa mchana, nje inapokuwa moto kuliko ndani, na hufunguliwa usiku kucha. Nyumba ya kuta nyembamba haina akiba hiyo, na heri iwe wazi wakati wote ikiwa na kivuli. Chumba kimoja tu ndicho ningekikubalia vioo viwili vyenye tabaka la fedha, navyo ni vile vilivyopakwa kwa kukataa jua, tabaka likiwa uso wa ndani wa kile kioo cha nje, na fremu iliyozibwa isivujishe: chumba ambacho hakina budi kupozwa kwa mashine, kama cha zahanati chenye dawa zisizovumilia joto, au cha mgonjwa aliyeandikiwa hivyo na tabibu. Hapo dirisha ghali huwa na haki, kwa maana kila wati lililozuiliwa pale ni wati ambalo mashine haitalibeba kwenda nje, na yule jamaa wa Minneapolis anaweza kutuma fedha yake akijua imekwenda kufanya kazi.

Na kwa chumba hicho kimoja ningeomba kitanda cha Umar kitiwe tena, safari hii upande wa pili wa ukuta. Kabla fundi hajatoboa tundu la bomba, mwenye nyumba aombe idhini, aingie uwanjani kwa jirani saa kumi za alasiri, aketi mahali anapoketi yule mama akichambua mchele, mgongo ukiuelekea ukuta utakaotungikwa mashine, akae muda wa kutosha kikombe kimoja cha chai ya maziwa ya ngamia, akiuliza na kusikiliza. Akiona ya kwamba upepo wa feni utamfikia mtu pale, basi kisanduku kipande juu ya paa au kihamie upande usio na mtu, na mita za bomba zitakazoongezeka na malipo ya fundi viwe juu yake mwenye mashine, wala jirani asiombwe hata shilingi.